Safari ya Pili

Kila Januari, mwezi ambao dunia huuelekeza kwenye saratani ya mlango wa kizazi, spika hufungwa juu ya gari, fulana hugawiwa, na wanawake hutangaziwa waje wapime. Wakija wachache, ripoti hubeba sentensi ileile: jamii bado haina uelewa. Sentensi hiyo nimewahi kuiandika mwenyewe nilipokuwa muuguzi kijana katika kituo cha afya kilicho mbali na lami, na leo najuta. Wengi wa wanawake tuliowaita wagumu wa kuelewa walikuwa wameshafika kwetu. Walifika mara moja, wakaambiwa warudi.

Ugonjwa wenyewe ungepaswa kuwa rahisi kuuwahi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana na ambacho watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huanza kuharibu seli za mlango wa kizazi, ila taratibu sana: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo kidonda kinaweza kuonekana na kuondolewa bila upasuaji mkubwa. Pamoja na hayo, mwaka 2022 ugonjwa huu ulikadiriwa kuua wanawake wapatao 350,000 duniani, na katika kila kumi, zaidi ya tisa walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania makadirio ni zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka.

Nchi tajiri zilipunguza vifo hivyo kwa kipimo cha Pap. Seli hukwanguliwa, hupakwa kwenye kioo, kisha mtaalamu huzisoma kwa hadubini. Kinafaa sana pale penye maabara ya karibu, wasomaji wa kutosha, na barua inayomfikia mwenye majibu nyumbani kwake. Kwetu kioo kilisafirishwa hadi hospitali kubwa, kikasubiri zamu yake, na majibu yakarudi baada ya wiki nyingi kwa mwanamke ambaye namba ya simu aliyoandikisha ilikuwa ya shemeji. Akipatikana, anaitwa ili apewe rufaa. Akienda na rufaa, anapangiwa siku ya kutibiwa. Hizo ni safari tatu au nne, kila moja na nauli ya bodaboda, siku ya shamba au ya biashara iliyopotea, na mtoto wa kuachiwa jirani. Yeye mwenyewe haumwi popote. Mtu anayeumwa atauza kuku afike hospitali, lakini mzima ana sababu gani ya kumuuza kuku huyo mara ya tatu?

Ndiyo maana siki ilipokuja niliipenda, na naipenda bado. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki, ambayo kimsingi ni siki ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja, kisha akamulika. Seli zilizoharibika hugeuka nyeupe. Hakuna maabara wala barua, na jibu mwanamke hulipata akiwa bado kitandani. Nchini India, katika jimbo la Tamil Nadu, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kipimo hiki, kikifanywa na wauguzi waliofunzwa na kufuatwa na tiba, kilipunguza vifo kwa asilimia 35. Tanzania tuliupokea mpango huu kwa jina la kupima na kutibu siku hiyohiyo, na maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito wote.

Kwa miaka mingi tiba hiyo ilikuwa kugandisha kidonda kwa gesi: dakika tatu za kugandisha, tano za kuachia, tatu tena za kugandisha. Mtungi wa gesi ni mzito, unajazwa mjini, na unapoisha hauna taarifa. Nimeona mlango wa kizazi wenye doa jeupe lililo wazi kabisa, nikageuka kuangalia mtungi, nikamwambia mama huyo arudi wiki ijayo. Wiki hiyo gesi haikuja. Kwingine mtungi umejaa, ila muuguzi pekee aliyefunzwa amehamishwa na chumba kimefungwa. Sasa kuna kifaa cha mkononi cha kuchoma kidonda kwa joto, kinachotumia betri na kumaliza kazi kwa sekunde 20 hadi 60. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Ningepewa kuchagua kati ya kifaa hicho kimoja na tamasha zima la uhamasishaji, nisingefikiri mara mbili.

Aibu ipo, wala sitaidharau. Kulala chali, miguu imepanuliwa mbele ya kijana anayelingana na mwanao, si jambo dogo kwa mama wa miaka 45. Kuna pia suala la mahali. Katika vituo vingi uchunguzi huu ulianza ndani au kando ya kliniki ya VVU, kwa sababu nzuri ya kitabibu: wanaoishi na VVU wana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi. Lakini anayeonekana amekaa kwenye benchi lile, mtaani anasemwa ana nini. Chumba kikihamishiwa upande wa kliniki ya mama na mtoto, ambako kila mwanamke ana sababu ya kuonekana, minong'ono hukosa pa kushika.

Hofu nayo ina chanzo chake. Wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeenea. Wengine wametokwa damu baada ya tendo la ndoa kwa miezi, wakipewa dawa za UTI na za fangasi katika zahanati moja baada ya nyingine, bila mtu hata mmoja kuangalia mlango wa kizazi. Kwa hiyo kijiji kinamwona shangazi anakwenda Ocean Road na kurudi kwa mazishi. Aliyetibiwa doa dogo kwa sekunde 60 hana cha kusimulia, alirudi nyumbani kupika. Mwanamke akiniambia kwamba kupima kansa ni kuiita, najua amehesabu kwa mifano aliyoiona kwa macho yake.

Halafu kuna mume, na hapa naomba tuende polepole, kwa sababu mara nyingi analaumiwa kabla hajaambiwa chochote. Baada ya tiba, mwanamke hutakiwa kukaa takriban wiki nne bila kukutana na mumewe ili kidonda kipone. Sasa fikiria yuko kitandani, muuguzi anamwambia tatizo linatibika papo hapo, ila kuna wiki nne. Anajibu: "Sista, ngoja kwanza nikazungumze na baba watoto." Anavaa, anaondoka, na safari ya pili imezaliwa hata pale ambapo gesi, kifaa na muuguzi vyote vipo. Kumsihi zaidi kitandani pale hakusaidii sana. Kinachosaidia ni mume kuzisikia wiki hizo nne mapema, kutoka kwa mtaalamu. Wanaume huombwa kuwasindikiza wake zao kliniki kwenye hudhurio la kwanza la ujauzito, nao hukaa kwenye benchi muda mrefu wakitazama ukuta. Dakika kumi za mazungumzo pale zingeondoa ugomvi wa miaka ya mbele.

Siki ina kasoro zake. Inategemea jicho la anayetazama, na baada ya ukomo wa hedhi eneo la kuangaliwa hurudi ndani ambako taa haifiki. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha kirusi chenyewe kama chaguo la kwanza: kuanzia miaka 30 na kurudiwa kila miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, kwa kijiti laini chenye pamba, na mkono wa mtu mwingine usimguse. Kwa wengi hapo aibu inaishia. Hospitali nyingi pia zina mashine za kupimia kifua kikuu zinazoweza kukipima kirusi hiki kwa muda wa saa moja hivi.

Wasiwasi wangu ni huo huo wa mwanzo. Tukikusanya sampuli kijijini, tukazipeleka mjini na kuahidi kupiga simu, tutakuwa tumeirudisha barua ya Pap kwa jina jipya. Anayekutwa na kirusi bado lazima aangaliwe na, ikibidi, atibiwe. Saa moja ya mashine ina maana ikiwa mama anaisubiri palepale, akiwa na kivuli cha kukaa na chai mkononi, huku kifaa cha kuchomea kikichajiwa chumba cha pili.

Ukienda kupima, kabla hujapanda kitandani, uliza: "Sista, nikikutwa na tatizo, nitatibiwa leo?" Akisema ndiyo, panda. Akikuambia utarudi, pima hata hivyo, kisha mwombe akuandikie tarehe kwenye kadi, na namba ya simu ya kituo, ili upige kabla ya kulipa nauli.