Udongo unageuka taka lini?

Nyuma ya nyumba yetu, Simi-Simi, kuna kiwanja kidogo ambako fundi mmoja alivunja batri za gari na za sola kwa miaka kadhaa. Asidi aliimwaga chini, bamba za ndani akaziyeyusha kwa makaa. Siku moja alihama. Akatuachia udongo wa kijivu ambao hata matembele hayaoti juu yake. Siku ya salongo majirani waliamua kuukwangua kabla watoto hawajaendelea kuuchezea. Chungu ilipofika kimo cha magoti, mzee wa avenue aliniita: "Mwanangu, wewe unasoma lugha. Tuandikie kibao."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano, kumbe ilinichukua siku nne. Nieleze hapa kwa nini, kwa sababu maneno niliyokwama nayo ndiyo hayohayo wanayokwama nayo watunga sheria kila wanapotaka kusafisha ardhi yenye sumu.

Neno la kwanza: risasi

Batri za aina hiyo hubeba madini ambayo Kifaransa huyaita plomb na Kiswahili sanifu huyaita risasi. Hayaozi wala hayayeyuki kwa mvua yakaisha. Hubaki katika tabaka la juu la udongo, hupanda na vumbi, huingia mwilini kwa mikono ya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Basi niliandika: "Hatari, udongo huu una risasi." Kabla ya jioni, kila aliyepita aliuliza, "Masasi ya vita?" Katika mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, neno hilo halina maana mbili. Mtu akisoma kwamba kuna risasi ardhini, anafikiria mabomu yaliyobaki. Mama mmoja aliwafungia watoto ndani, mwingine akacheka akasema vita vilishakwisha. Wote wawili walikosea hatari yenyewe, na kosa lilikuwa langu. Kibao kilikuwa sahihi katika kamusi na kibaya katika avenue. Nilikifuta nikaandika "sumu ya batri". Hatukuwa na kipimo cha kujua kiasi chake, lakini chanzo chake kila mtu alikuwa amekiona kwa macho.

Neno la pili: kuzalisha

Swali gumu zaidi lilitoka kwa mzee mwenyewe: "Huu bado ni udongo, au sasa ni taka?" Siyo mchezo wa maneno. Udongo ni mali ya kiwanja, na mtu anaweza kuuchota akazibia mashimo ya njia au akafyatulia matofali. Taka ya sumu ina masharti: nani aishike, wapi ikae, nani alipe.

Marekani walikutana na fumbo hili mapema. Sheria yao ya taka ya mwaka 1976 iliwekwa kwa ajili ya viwanda vinavyotoa taka mpya kila siku, na masharti yake ni makali: kibali cha kuhifadhi, na baadaye sharti la kutibu taka kabla ya kuizika. Lakini ardhi iliyochafuliwa zamani ikilala bila kuguswa, masharti mengi ya aina hiyo hayaiamshi. Ukipiga jembe tu, umezalisha taka hatari. Kanuni zao humhesabu kuwa mzalishaji hata yule ambaye kitendo chake ndicho kinaifanya taka iingie chini ya sheria kwa mara ya kwanza. Tazama kitenzi chenyewe: kuzalisha kunatokana na kuzaa. Aliyemwaga sumu ameondoka, na anayeisafisha ndiye anaitwa mzazi wake. Matokeo yake yalikuwa ya kutarajiwa: wenye viwanja waliona nafuu kuacha sumu ilale.

Ndiyo maana kanuni za usafishaji zikatengwa kidogo na kanuni za viwanda. Mwaka 1993 Marekani iliruhusu eneo maalumu ndani ya kiwanja chenyewe ambako udongo unaochimbuliwa hukusanywa na kutibiwa chini ya uangalizi. Mwaka 2002 masharti ya maeneo hayo yalikazwa. Mwaka 1998 ziliongezwa chungu za muda, yaani udongo unaorundikwa ukisubiri hatua inayofuata.

Neno la tatu: kuweka

Hapa sheria inategemea kitenzi kimoja. Ukiuweka udongo wa sumu mahali papya ardhini, umetupa taka, na masharti yote yanakuangukia. Ukiusogeza ndani ya eneo lilelile lililokwisha kuchafuka, hujauweka, umeukusanya tu. Kiswahili chetu kina vitenzi vinavyotosha: kusogeza, kuhamisha, kuweka, kutupa. Shida ni kwamba katika maongezi tunavichanganya. Mzee aliposema "tuuweke pale kando," pale palikuwa ng'ambo ya mfereji, kwenye ardhi safi. Laiti tungefanya hivyo, tungekuwa na viwanja viwili vya sumu badala ya kimoja.

Wako waliofanya vizuri katika hali ngumu kuliko yetu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Waliosafisha walikwangua tabaka la juu la nyua, wakalizika katika mashimo yaliyoandaliwa mbali na nyumba katika maeneo hayohayo, kisha wakarudishia udongo safi. Hawakusubiri kiwanda cha kutibu taka kijengwe. Dawa ya kutoa risasi katika damu nayo ilitolewa kwa mpango mmoja na usafi: mtoto anayerudi kwenye ua wenye sumu anaugua tena.

Mfano wa kinyume uko karibu nasi zaidi, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilianza kazi mwaka 2007 na kusimama mwaka 2014. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe katika miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 nyingine kwa ajili ya usafi huo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: miezi minne ya usafi iliandikwa mwaka 2020, na miaka minne baadaye bado watu walikuwa wanabishana mbele ya majaji. Udongo haukatiwi rufaa, unaendelea kutoa vumbi.

Kwetu Kongo, Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka kanuni za msingi za kulinda mazingira, ikiwemo ile ya kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Ni kanuni njema. Lakini inahitaji mchafuzi anayepatikana, na fundi wetu hapatikani. Wala hakuna lori la taka za sumu linalopita avenue yetu. Aliyebaki ni mwenye jembe, na chungu yake inahitaji masharti ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyasoma.

Neno la nne: ya muda

Tuliyoweza kuyafanya tuliyafanya. Chungu ilibaki ndani ya kiwanja kilekile, mbali na mfereji na kisima. Tulitandika turubai chini, bashi tunavyosema hapa, na jingine juu, tukaligandamiza kwa mawe, kwa kuwa Kisangani mvua haingoji msimu. Tulimwagia maji udongo kabla ya kuukwangua ili vumbi lisipande. Nguo za kazi hazikuingia ndani ya nyumba.

Kilichobaki kilikuwa neno "muda". Hapa kwetu daraja la muda huzeeka na wajukuu wakalivuka. Kanuni za Marekani juu ya chungu hizo zinatoa miaka miwili, na nyongeza isiyozidi siku 180. Nilichojifunza hapo si idadi ya miaka, maana sisi hatuna wa kutuhesabia. Nilijifunza kwamba neno "muda" bila tarehe ni jina la adabu la "daima". Nilimwambia mzee kibao lazima kiwe na tarehe mbili: ya kurundika na ya mwisho. Alisita. "Na tarehe ikifika kabla hatujapata pa kuupeleka?" Nikamjibu, "Papa, basi ndiyo siku tutakayokwenda wote kwa bourgmestre na kibao mkononi." Alifikiri kidogo, akaniambia niandike.

Kibao kinasema hivi:

HATARI. SUMU YA BATRI.
Udongo huu si wa kujengea, si wa kupandia, si wa kuchezea.
Usiuchote. Usiufunue. Ukiugusa, nawa kwa sabuni.
Umekusanywa tarehe hii. Uondolewe kabla ya tarehe hii.

Tarehe zenyewe nilizipaka kwa rangi nyekundu. Ya pili imebakiza miezi mitano. Kila asubuhi nikienda kusoma napita hapo, naangalia kama turubai liko mahali pake, kisha nahesabu.