Jina la Pakiti Lifuate Kilichofanyiwa Tunda

Mkulima wa ndizi Bungoma na mwenzake wa pasheni viungani mwa Kitale wanabanwa na jambo moja: tunda likishaiva halimngoji mnunuzi. Ndiyo sababu vikundi vya akina mama na vijana vinahimizwa kukausha matunda, kupika jemu na kuhifadhi kwa sukari. Pakiti ikishafungwa huhitaji jina, na kwa kuwa mwenye biashara anatazamia duka kubwa la Eldoret au Nairobi, jina hilo huandikwa kwa Kiingereza. Hoja yangu ni kwamba jina hilo ni ahadi ya kitaalamu. Linamweleza mnunuzi kama tunda lilipunguzwa maji, liliongezwa sukari, lilikaangwa au lilitiwa dawa ya kuhifadhi. Likichaguliwa kwa sababu linavutia masikioni, wa kwanza kuumia ni mlaji, na mtengenezaji humfuata.

Neno linalobeba mzigo mkubwa ni "dried". Maana yake ni kwamba maji ya tunda lenyewe yametolewa hadi kiwango ambacho ukungu na bakteria haviwezi kuota. Ndizi mbivu iliyomenywa ina maji takribani asilimia 75. Ukikausha kilo 10 hadi unyevu ubaki asilimia 15, unapata kilo 3 hivi, wala huwezi kupata zaidi bila kuongeza kitu au kubakiza maji. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya matunda makavu yawe ghali, na ndiyo inayowashawishi watu kuyatoa kikaushioni mapema ili mizani iwe nzito. Hatari yake inajulikana. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni na Kitui, na ukungu unaotoa sumu hiyo hauchagui mahindi peke yake. Tini zilizokaushwa ovyo nazo hushambuliwa. Kwa hiyo anayeandika "dried" kwenye pakiti ya maembe ambayo bado ni mabichi katikati ametoa kauli ya usalama asiyoweza kuitetea. Vivyo hivyo kwa "sun-dried". Kitale, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, hupata mvua kuanzia Machi hadi karibu Novemba, na mwezi wa Julai jua halitoshi kukausha vipande vya papai mkekani. Aliyetumia tanuri la umeme aandike "dried" tu, na aliyetumia kikaushio kilichofunikwa kinachopashwa joto na jua aandike "solar-dried". Vyote viwili ni vya heshima, na cha pili huzuia vumbi na nzi kuliko mkeka.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kati ya kukausha na kukaanga. Ndizi zilizokatwa nyembamba na kutumbukizwa katika mafuta moto hupoteza maji kweli, tena haraka, lakini nafasi iliyoachwa na maji huchukuliwa na mafuta. Katika ndizi za kukaanga za aina inayouzwa sana duniani, ambazo Ufilipino ndiyo msafirishaji wake mkubwa, karibu thuluthi ya uzito ni mafuta. Ndizi iliyokaushwa kwa hewa moto haina mafuta ya kutajika. Hivyo basi pakiti yenye maneno "dried banana crisps" inadai mambo mawili yasiyopatana, kwa sababu Mkenya akisoma "crisps" anatarajia kitu cha kukaanga. Daktari akimshauri mgonjwa wa moyo apunguze vyakula vya mafuta na ale matunda, mgonjwa huyo ataisoma "dried" na kuamini kwamba amefuata ushauri. Kilichokaangwa kiitwe "fried banana crisps" na kiuzwe kwa fahari. Walaji wanakipenda kilivyo.

Sukari nayo ina mchezo wake. Tunda likilowekwa au kuchemshwa katika maji ya sukari iliyokolea, sukari huingia na maji hutoka, kisha tunda huanikwa. Njia hii ni ya zamani na ni nzuri, maana sukari huyashika maji yaliyobaki na kuyafanya yasiwafae wadudu wa kuozesha. Jina lake kwa Kiingereza ni "candied", au "sweetened dried" ikiwa sukari imeongezwa kwa kiasi na tunda limekaushwa baadaye. Mvuto wa kuificha ni wa kibiashara: sukari ina uzito, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko nanasi kavu, kwa hiyo kila gramu yake iliyoingia katika pakiti inayoitwa "dried pineapple" inauzwa kwa bei ya tunda. Kwa mwenye kisukari suala hili halihusu bei. Tunda kavu lisiloongezwa kitu tayari lina sukari nyingi kwa sababu maji yameondoka. Likiongezwa nyingine bila yeye kuambiwa, kipimo anachokadiria mezani kinakuwa cha uongo.

Halafu kuna salfa. Ili embe libaki na rangi ya manjano, baadhi ya wasindikaji huchovya vipande katika maji yenye metabisalfaiti ya sodiamu. Kanuni za Codex, tume ya chakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, zinaruhusu salfaiti katika matunda makavu hadi miligramu 1,000 kwa kilo, lakini zinataka itajwe kwenye lebo inapofika miligramu 10 kwa kilo. Sababu ni watu wenye pumu, ambao baadhi yao hubanwa kifua vibaya wanapoila. Mwaka 1986 Marekani ilipiga marufuku salfaiti katika matunda na mboga zinazoliwa mbichi baada ya vifo kuripotiwa. Anayechovya embe katika dawa hiyo hana haki ya kuandika "no preservatives", hata kama hakuongeza kitu kingine. Maji ya limau pia huzuia rangi isibadilike upesi, ingawa si kwa nguvu ileile, na hayaleti tatizo hilo.

Majina mengine yanahitaji uangalifu kidogo tu. "Raisins" ni zabibu kavu kwa jumla. "Sultanas" hutokana na zabibu nyeupe zisizo na mbegu. "Currants" ni zabibu ndogo nyeusi zilizopewa jina la mji wa Korintho, wala hazina udugu na "blackcurrant" inayotengenezewa vinywaji. "Prunes" ni plamu za Ulaya zilizokaushwa. Kwa upande wa vilivyopikwa, "jam" ina nyama ya tunda, "jelly" hupikwa kwa maji ya tunda yaliyochujwa, na "marmalade", kwa mazoea ya wasomaji wa Kiingereza, ni ya machungwa na jamii yake. Kiwango cha Codex cha mwaka 2009 kinataka jemu ya matunda mengi iwe na tunda angalau asilimia 45, na kinakubali kiasi kidogo zaidi kwa matunda makali kama pasheni.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue na Kiingereza ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Swali hilo ni la haki, na ningefurahi kuona "ndizi zilizokaushwa" na "ndizi za kukaanga" zikiandikwa kwa herufi kubwa upande wa mbele. Lakini Kiswahili hakimwondolei mtengenezaji wajibu. Akiandika "ndizi kavu" juu ya ndizi za kukaanga amepotosha vilevile. Wengine husema Kiingereza chenyewe hakina msimamo, kwa kuwa Mmarekani huita "chips" kile ambacho sisi tunakiita "crisps", na kwake "jelly" ni kitu cha kupaka mkate. Ni kweli, na jibu ni kufuata matumizi ya soko unaloliuzia na kiwango kinachotumika hapo. Wakulima wa California walipotaka "prunes" ziitwe "dried plums" kwa kuwa jina la zamani halikuwavutia wanunuzi, waliomba kibali cha mamlaka ya chakula na wakakipata mwaka 2000. Hawakujibadilishia jina wenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini: kikundi cha watu kumi hakina mtaalamu wala maabara, na si haki kukidai usahihi wa kampuni kubwa. Naukubali ugumu huo kuhusu vipimo vya unyevu na vya salfa, ambavyo vinagharimu fedha. Siukubali kuhusu jina. Kuchapisha "fried" hakuzidi gharama ya kuchapisha "dried", na aliyeshika karai la mafuta anajua alichofanya bila maabara. Sheria nayo haipimi ukubwa wa biashara. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza chakula kupewa lebo ya kupotosha, na ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Ofisa wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, akikataa lebo baada ya pakiti elfu kuchapishwa, hasara yote ni ya kikundi.

Kwa hiyo kikundi kinachojiandaa kuchapisha lebo kiandike kwanza, kwa mpangilio, kila kitu kilichofanyiwa tunda tangu kumenywa hadi kufungwa, kisha ndipo kichague neno. Nazo idara za kilimo za Trans Nzoia na Bungoma, zikishirikiana na KEBS, zitoe orodha ya majina haya kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja na maana zake. Ukurasa mmoja unatosha, na uwafikie wasindikaji kabla hawajaenda kwa mchapishaji.