Hoyt na Mpira wa Polepole

"Mjomba, mtu akizeeka si anaacha kucheza?"

Swali zuri sana hilo, mpwa wangu. Wengi huacha, ni kweli. Bega linauma, miguu inachoka, vijana wanakuja na nguvu zao. Lakini Marekani alikuwepo mtu aliyecheza mpaka zikabaki siku chache tu atimize miaka 50. Tena hakuwa na mkono wa kutisha. Alirusha mpira polepole. Jina lake Hoyt Wilhelm, na mchezo wake ni besiboli.

"Besiboli inachezwaje?"

Sikilizeni. Katikati ya uwanja kuna mwinuko mdogo wa udongo. Hapo anasimama mrushaji. Mbele yake, umbali wa mita 18 na kidogo, amesimama mpigaji na gongo lake. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, amevaa glovu kubwa ya ngozi. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akimaliza mzunguko, timu yake inapata mkimbio mmoja. Kazi ya mrushaji ni kumnyima mkimbio huo.

Mchezo una awamu tisa. Mrushaji akichoka, au akianza kupigwa ovyo, kocha anamwita mwingine aliyekuwa akisubiri pembeni. Huyo ndiye mrushaji wa akiba. Yeye haingii mambo yakiwa mazuri. Anaingia mambo yakiwa mabaya, na anatakiwa ayatulize. Kwa miaka mingi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Hoyt.

"Sasa si angerusha kwa kasi, mjomba, wasiupate?"

Ndivyo wafanyavyo wengi. Warushaji wakali wa leo hupitisha kilomita 150 kwa saa, na mpira unamfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Hoyt hakujaliwa mkono wa namna hiyo. Alijaliwa kitu kingine: hamu ya kujua.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Huntersville, jimbo la North Carolina, katika familia ya wakulima. Siku moja, akiwa bado kijana wa shule, akasoma gazetini habari za mrushaji aitwaye Dutch Leonard. Palikuwa na picha inayoonyesha jinsi Leonard alivyoushika mpira. Watu wangapi waliiona picha ile wakafungua ukurasa mwingine? Hoyt hakufungua ukurasa mwingine. Alitazama vidole. Mbona mtu huyu hakuukumbatia mpira kwa kiganja? Mbona ameushika kwa ncha za vidole, kucha zikigusa ngozi? Akachukua mpira wa tenisi, akaushika vilevile, akaurusha. Akaurusha tena. Na tena. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na picha, mpira na swali. Hongera yake, na hongera yenu nyinyi mnaouliza uliza!

Mrusho ule unaitwa nakoboli.

"Una nini cha ajabu?"

Hilo tuuachie mpira wenyewe uwaeleze. Haya, mpira, sema!

"Hamjambo, watoto? Mimi ni mpira wa besiboli. Uzito wangu gramu 145 hivi. Nimevishwa ngozi nyeupe, nikashonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108. Mshono wangu umetuna kidogo. Pitisha kidole, utausikia. Warushaji wengine wananizungusha wanaponiachia. Basi mimi nazunguka, nazunguka, nazunguka. Nikizunguka hivyo, hewa inanipitia kwa utaratibu uleule, na njia yangu inatabirika. Hata nikipinda, napinda upande mmoja tu. Lakini Hoyt! Hoyt ananishika kwa ncha za vidole, anakaza kifundo cha mkono, kisha ananisukuma bila kunizungusha. Naondoka nimetulia. Hapo ndipo mshono wangu unapoanza vituko. Palipo na mshono, hewa inapita hivi. Palipo laini, inapita vile. Nasukumwa kushoto. Nageuka kidogo tu, mshono unahama, nasukumwa kulia. Mara nazama chini. Je, mimi najua ninakokwenda? Sijui! Hoyt anajua? Hajui! Mpigaji je? Huyo ndiye hajui kabisa!"

Ahsante, mpira. Nanyi, wapwa zangu, hebu tokeni hapo uani chini ya mwembe. Dondosheni kokoto. Inakwenda wapi? Chini moja kwa moja, na mkiweka mkono mtaidaka. Sasa subirini jani kavu lidondoke. Linakuja taratibu, lakini linayumba huku, linayumba kule. Mnapeleka mkono kulia, lenyewe limekwenda kushoto. Jani halina haraka, na bado linawashinda kulidaka. Nakoboli ndiyo hiyo. Mpira unakuja polepole, gongo linapiga hewa.

"Basi Hoyt akawa maarufu palepale?"

La, mpwa wangu. Alisubiri sana. Mwaka 1942 alianza kulipwa kucheza katika timu ndogo ya mji wa Mooresville, jirani na kwao. Kisha akaenda vitani. Katika vita vikali vya majira ya baridi huko Ubelgiji, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, alijeruhiwa, akapewa nishani. Vipande vya chuma vilibaki mwilini mwake. Akarudi nyumbani, akaokota mpira, akaendelea kwenye timu ndogondogo, mwaka baada ya mwaka. Wenzake wa rika lake walikuwa wameshapanda ligi kuu zamani.

Mwaka 1952 timu ya Giants ya New York ikamchukua. Alikuwa na miaka 29. Mara yake ya kwanza kushika gongo katika ligi kuu, aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja! Watu wakashangilia. Mnajua aliutoa tena lini? Hakuutoa tena. Alicheza misimu 21, na ule ukabaki wa kwanza na wa mwisho. Kupiga hakukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kurusha, na mwaka huohuo aliingia katika mechi 71, akahesabiwa kushinda 15 na kupoteza 3. Katika ligi yake yote, hakuna mrushaji aliyeruhusu mikimbio michache kuliko yeye kwa wastani. Mpira ukaja polepole, gongo likapiga hewa.

"Na mdakaji, mjomba? Yeye aliudakaje?"

Ah! Mmefikiri jambo ambalo watu wazima wengi hawalifikirii. Ikiwa mpigaji hajui mpira unakwenda wapi, mdakaji atajuaje? Maskini wadakaji! Mwaka 1954 mdakaji wake Ray Katt aliponyokwa na mipira minne ndani ya awamu moja tu. Baadaye Hoyt alipohamia Baltimore Orioles, kocha Paul Richards akaona hali hiyo haiwezekani. Mwaka 1960 akatengenezesha glovu kubwa kupita kiasi, mahususi kwa kumdakia Hoyt. Ilisaidia. Wakuu wa mchezo nao wakaja kuweka sheria ya ukubwa wa glovu ya mdakaji. Mnaona? Mrusho wa polepole ulisumbua hata watunga sheria.

Nikisimulia habari za Baltimore, siwezi kuiacha tarehe 20 Septemba 1958. Siku hiyo Hoyt hakuingia kama mrushaji wa akiba. Alianza mechi mwenyewe, dhidi ya Yankees ya New York. Yankees haikuwa timu ya mchezo. Mwaka uleule ilikwenda kutwaa ubingwa wa besiboli. Mvua ilikuwa ikinyesha nyesha. Akaja mpigaji wa kwanza, akashindwa. Akaja wa pili, akashindwa. Awamu ya kwanza ikapita, ya tano ikapita, ya tisa ikaisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeupiga mpira wa Hoyt akafika kituoni kwa pigo lake! Baltimore ikashinda 1 kwa 0. Na ule mkimbio mmoja ulipatikanaje? Mdakaji wake, Gus Triandos, mmoja wa wale waliohangaika na mipira ya Hoyt, aliupiga mpira ukatoka nje, akamaliza mzunguko.

Wakati huo Hoyt alikuwa na miaka 36. Wengi wangesema, "Amefika kileleni, sasa ashuke." Lakini mwaka 1963 alihamia Chicago White Sox, na huko ndiko alikofanya la kustaajabisha. Kuanzia 1964 hadi 1968, misimu mitano mfululizo, wastani wake ulikuwa chini ya mikimbio miwili kwa kila awamu tisa. Mwaka 1967 wastani ulikuwa 1.31. Msimu ule alitimiza miaka 45! Vijana wenye umri wa kuwa wanawe walisimama mbele yake na misuli yao. Mpira ukaja polepole, gongo likapiga hewa.

"Mkono wake haukuchoka?"

Mkono wa kurusha kwa kasi huumia begani na kwenye kiwiko, kwa sababu kila mrusho unavuta mishipa kwa nguvu. Nakoboli haiutesi mkono hivyo. Hoyt aliweza kurusha leo, akarusha na kesho. Nguvu za mwili hupungua na umri, lakini ustadi wa vidole ukiutunza hukaa. Alichojifunza utotoni kwa mpira wa tenisi kilikuwa bado kipo mkononi mwake nywele zilipoanza kuota mvi.

Alicheza mpaka Julai 1972. Alikuwa mrushaji wa kwanza katika ligi kuu kufikisha mechi 1,000, na alipoacha zilikuwa zimefika 1,070. Mwaka 1985 akaingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri wa besiboli huko Cooperstown. Kabla yake hakuna mrushaji wa akiba aliyewahi kupewa heshima hiyo.

"Siri yake alimwambia mtu?"

Nilikuwa nangojea mniulize hilo. Mwaka 1967, palepale White Sox, alikuja mrushaji mwingine, Wilbur Wood. Naye mkono wake haukuwa na kasi, na mambo yake hayakuwa mazuri. Alikuwa akiijaribu nakoboli mara mojamoja tu, akichanganya na mirusho mingine. Hoyt akamkalisha chini, akamfundisha. Akamshauri aache kuibahatisha: kama ni nakoboli, basi iwe ndiyo kazi yake.

"Lakini mjomba, si wangegombania nafasi?"

Wangeweza. Wote wawili walikuwa warushaji wa akiba wa timu moja. Sasa tazameni kilichotokea mwaka uliofuata. Wood aliingia katika mechi 88, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na mrushaji yeyote kabla yake. Na Hoyt, mzee wa miaka 46, alicheza 72. Mwanafunzi alipata kazi, na mwalimu hakukosa yake. Baadaye Wood akawa mrushaji wa kuanza mechi, na kuanzia 1971 hadi 1974 alishinda mechi 20 au zaidi kila mwaka.

Ndiyo maana napenda kuwasimulia habari za Hoyt. Hakulilia mkono wa mtu mwingine. Alichukua mkono aliopewa, akauuliza unaweza nini, akauzoeza jambo moja mpaka likakolea, kisha akamgawia mwenzake. Nanyi mmoja wenu anakimbia sana, mwingine hakimbii. Mmoja ana sauti kubwa, mwingine hana. Msihuzunike. Kila mmoja autafute mrusho wake, na akikwama aje aulize. Mjomba hachoki kuulizwa.