Charles Kao: Mhandisi aliyekisafisha kioo hadi kikabeba sauti za dunia

Na Mwandishi Wetu, Katoro

Mfanyabiashara wa Katoro, Wilaya ya Geita, anapolipia mzigo wake jijini Mwanza kwa simu ya mkononi, taarifa ya muamala huo husafiri mamia ya kilomita na kurejea kwa muda wa kufumba na kufumbua. Hatua ya kwanza, kutoka kwenye simu hadi mnarani, hufanywa na mawimbi ya redio. Sehemu kubwa ya safari inayobaki hufanywa na mwanga unaopita ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini au kulazwa chini ya bahari. Aliyeishawishi dunia kwamba jambo hilo linawezekana ni mhandisi Charles Kuen Kao, ambaye jina lake ni geni hata kwa wengi wanaofaidi matunda ya kazi yake kila siku.

Kao alizaliwa Shanghai, China, tarehe 4 Novemba, 1933. Utotoni alipenda kemia kiasi cha kutengeneza nyumbani vitufe vya udongo vinavyolipuka, kabla ya kuhamia kwenye mchezo wa salama zaidi wa kuunda redio. Familia yake ilihamia Hong Kong mwaka 1948. Baadaye alikwenda Uingereza, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1957 na kupata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1965. Wakati huo alikuwa mtafiti katika maabara za kampuni ya simu ya Standard Telephones and Cables, huko Harlow.

Tatizo lililokuwa mezani katika maabara hizo lilijulikana na wengi. Mwanga unaweza kubeba taarifa nyingi mno kuliko umeme unaopita katika waya wa shaba. Ilijulikana pia kwamba mwanga ukiingizwa katika uzi mwembamba wa kioo uliofunikwa kwa tabaka la kioo cha aina tofauti kidogo, hujigonga kwenye kuta za ndani na kuendelea mbele, hata uzi ukipinda. Madaktari walikwisha kuanza kutumia nyuzi hizo kuangalia ndani ya tumbo la mgonjwa. Kwa simu, hata hivyo, hazikufaa. Katika kioo bora cha miaka hiyo, mita 20 tu zilitosha kumeza asilimia 99 ya mwanga wote. Wataalamu wengi walihitimisha kwamba kioo si njia ya mawasiliano, wakaelekeza nguvu kwingine.

Kao aliuliza swali ambalo wenzake hawakulitilia maanani: ni kioo kinachomeza mwanga, au ni kitu kilichomo ndani ya kioo? Jibu lake, lililochapishwa Julai 1966 katika makala aliyoiandika na mwenzake George Hockham, lilikuwa kwamba mwanga huliwa zaidi na uchafu, hasa chembechembe za chuma. Kioo kikisafishwa vya kutosha, alisema, asilimia moja ya mwanga itabaki baada ya kilomita nzima, na kiwango hicho kinatosha kuanzisha mawasiliano ya simu.

Wakazi wa ukanda wa dhahabu wana sababu ya kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Mchimbaji mdogo wa Geita anajua kwamba thamani ya alichonacho mkononi hupimwa kwa usafi wake, na kwamba jiwe na dhahabu huweza kukaa pamoja bila kuwa kitu kimoja. Tena, mwamba mweupe wa kwazi anaouponda ili kupata dhahabu, kisha mabaki yake akayatupa, kwa lugha ya kemia ni oksidi ya silikoni. Nyuzi za mawasiliano nazo zimetengenezwa kwa oksidi hiyohiyo, iliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana.

Makala ya 1966 haikupokelewa kwa shangwe. Kao alilazimika kuzunguka katika maabara na viwanda vya vioo vya nchi kadhaa akiwabembeleza watu wajaribu. Mwaka 1970 wanasayansi watatu wa kiwanda cha Corning, Marekani, walitengeneza uzi uliolivuka lengo alilokuwa ameliweka. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1988 mkongo wa kwanza wa aina hii ulivuka Bahari ya Atlantiki. Katika nyuzi za leo, asilimia moja ya mwanga hubaki baada ya takribani kilomita 100, umbali unaokaribia ule wa kutoka Mwanza hadi Geita mjini.

Kwa Tanzania, matunda hayo yalifika kwa kishindo mwaka 2009. Kabla ya hapo nchi ilitegemea zaidi satelaiti kuwasiliana na dunia, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Ili faida isiishie pwani, Serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), ukiunganisha mikoa na mipaka ya nchi jirani.

Uzito wa nyuzi hizi huonekana zaidi zinapokatika. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikadorora nchini na katika nchi jirani. Nchi kavu, adui wa mkongo ni sururu, kijiko cha mkandarasi na mtu anayedhani amepata shaba ya kuuza kama chuma chakavu. Ndani ya uzi hakuna shaba. Kuna kioo chenye unene unaokaribia wa unywele, ambacho kikishakatwa hakina mnunuzi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inautambua uharibifu huo kuwa kosa la jinai. Wananchi wanaochimba misingi, mitaro au visima karibu na barabara wanashauriwa kuzingatia alama za mkongo na kuwasiliana na TTCL kabla ya kuanza, na anayeona mkongo ulio wazi atoe taarifa kwa uongozi wa mtaa au kijiji.

Kao mwenyewe hakutajirika kwa ugunduzi huu, kwa kuwa aliufanya akiwa mwajiriwa. Kati ya mwaka 1987 na 1996 aliongoza Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Oktoba 2009, miezi michache baada ya SEACOM kufika Dar es Salaam, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akipewa nusu ya tuzo hiyo. Lakini alikuwa tayari na ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu. Hotuba ya mshindi, jijini Stockholm, ilisomwa na mkewe Gwen, ambaye naye alikuwa mhandisi.

Hapa mwandishi anaomba kutoka kidogo nje ya mada. Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayesahau majina ya wanawe, anayetembea usiku bila kujua aendako au anayezungumza peke yake anaweza kuwa na maradhi yaleyale yaliyompata mshindi huyu wa Nobel. Mahali pa kumpeleka ni kituo cha afya au hospitali.

Mwaka 2010 Kao na mkewe walianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa aina hiyo na familia zao huko Hong Kong. Kao alifariki dunia katika jiji hilo tarehe 23 Septemba, 2018, akiwa na umri wa miaka 84.