Motokaa Mbili Kuukuu
Motokaa za Land Rover zilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo mabati ya nje yalifanywa ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Bali kiunzi cha chini kilikuwa cha chuma.

Basi mtu ana mbili kuukuu: moja yang'aa na injini yanguruma, ya pili imebonyea, injini imekufa. Aitengeneze ipi? Kwanza alale chini yake, agonge kiunzi kwa nyundo. Chuma kizima hulia; kilicholiwa na kutu hutoboka. Injini hutolewa ikatengenezwa peke yake, lakini kubadili kiunzi ni kuifumua motokaa nzima. Yenye kiunzi kizima ndiyo istahiliyo gharama, ijapokuwa imebonyea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.