Chai ya Kichina ya kuvundikwa: kwa nini inapendwa, na kwa nini choya yenye ukungu si chai hiyo



Kikundi kimoja cha akina mama wa hapa Kilwa wameniletea swali, nami nimeona nilijibu hapa ili tufaidike wote. Wana magunia mawili ya choya iliyolowa mvua kabla haijakauka, sasa imeanza kuota ukungu. Wakati huohuo mmoja wao ameletewa kutoka Dar es Salaam kipande cha chai ya Kichina: cheusi, kimekandamizwa duara kama chapati ngumu, kinanukia udongo. Wameambiwa chai hiyo huvundikwa, na kadiri inavyokaa ndivyo bei inavyopanda. Wakaniuliza: "Bwana shamba, na sisi si tuuze choya yetu hivyohivyo, tuseme imevundikwa?"

Jibu ni hapana. Ila sababu yake ina somo, na chai yenyewe inafaa kujulikana.

Ni chai gani hii?

Mmea ni uleule unaolimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Tofauti ni kinachofanyika baada ya kuchuma.

Chai yetu ya rangi hunyaushwa, husagwa, huachwa kwa muda mfupi igeuke rangi, kisha hukaushwa kwa moto. Kugeuka huko ni kazi ya hewa, kama bilinganya ukilikata linavyokuwa la kahawia. Chai hii ya Wachina hufanyiwa kazi na vijidudu: fangasi na bakteria hula jani polepole na kulibadilisha. Hata majina yanachanganya. Chai yetu ya rangi, Wachina huiita chai nyekundu. Chai nyeusi kwao ni hii.

Inayojulikana zaidi ni Pu'er, ya jimbo la Yunnan. Ipo pia Liu Bao ya Guangxi, na chai ya matofali ya Hunan iitwayo Fu, ambayo ndani ina vidoadoa vya njano. Vidoa hivyo ni fangasi wa aina maalumu, wanaooteshwa makusudi.

Pu'er zipo namna mbili. Ya kwanza hukaangwa kidogo, huanikwa juani, hukandamizwa kwa mvuke na kuwekwa ghalani miaka mingi ikibadilika yenyewe. Ya pili ni ya haraka, njia iliyoanza kutumika viwandani Kunming miaka ya 1970: majani hulundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa, na kugeuzwageuzwa kwa mwezi mmoja hadi miwili. Wewe uliyewahi kutengeneza mboji umeshaelewa. Lundo linapata joto, unaligeuza lisiungue, unaangalia maji yasizidi. Tofauti ni kwamba hapa kuna sakafu safi, hakuna samadi, na yupo fundi anayekagua lundo siku zote.

Inapendewa nini?

Ile ya lundo, ukiimimina, rangi ni nyekundu iliyoiva hadi karibu na nyeusi. Harufu ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, au ya sanduku la mbao la zamani. Ukinywa, haina ule ukali unaokausha ulimi. Ni laini na nzito, na nyuma yake kuna utamu kidogo kama wa tende. Wengi huipenda baada ya chakula chenye mafuta.

Haihitaji maziwa wala sukari. Megua kipande cha kujaa kijiko cha chai, mwagia maji yanayochemka, yamwage hayo ya kwanza, kisha ongeza mengine, subiri kidogo unywe. Majani hayohayo yanarudiwa mara tano au zaidi. Kafeini imo, kwa hiyo usiku inaweza kukukosesha usingizi.

Kuvundika si kuvunda

Ndizi tunazivundika zikaiva. Tukizisahau, zinavunda. Kazi ilianza namna moja, lakini moja ilisimamiwa na nyingine iliachwa.

Ukungu ulioota kwenye choya iliyolowa haukuchaguliwa na mtu. Aina nyingine za fangasi hutoa sumu, ikiwemo sumukuvu tunayoijua kwenye mahindi na karanga. Sumu hiyo haiondoki kwa kuanika tena, na kuchemsha chai hakuiondoi. Kwa hiyo magunia yale mawili yasiuzwe, yasinywewe, na wala yasilishwe mifugo. Najua inauma, ni jasho la msimu mzima. Lakini mteja mmoja akiugua, soko la choya yenu lote limekufa.

Kuhusu bei na tiba

Si kila Pu'er ya zamani ni mali. Bei yake ilipanda sana China, na mwaka 2007 ikaporomoka, waliojaza maghala wakabaki nayo. Ukiambiwa pia inatibu presha au kisukari, inywe kama chai tu, dawa za hospitali usiziache.

Na ukiletewa miche ya chai upande pwani hii, fikiri mara mbili. Chai inataka ubaridi wa milimani na mvua karibu mwaka mzima. Kiangazi chetu ni kirefu.

Choya ya msimu ujao

- Vuna siku ya jua, umande ukishakauka.
- Anika juu ya chanja, tabaka jembamba, si chini kwenye mchanga.
- Weka turubai karibu, na ingiza ndani kila jioni.
- Imekauka pale inapovunjika ukiibana, si inapojikunja.
- Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na ng'onda na mafuta ya taa, maana hunasa harufu.

Choya safi, nyekundu, kavu ina wanywaji wake. Haihitaji kuazima jina la chai ya watu.

Mwenye swali aulize, nitajibu.