Mama Mjamzito Akisafiri: Abebe Karatasi Gani?



Katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Butula, mama mmoja aliuliza hivi: "Binti yangu yuko na mimba ya miezi saba. Bwana yake amemtumia tiketi ya ndege kutoka Kisumu mpaka Nairobi. Ati watamkataza kupanda? Majirani wanamwambia avae koti kubwa, wasijue."

Wengi walicheka. Lakini mama mwingine hakucheka. Alisema mjukuu wake alizaliwa ng'ambo, upande wa Uganda, akaletwa nyumbani usiku kwa boda boda kupitia njia ya panya. Sasa shule inadai cheti cha kuzaliwa na hakuna. Kuna mtu amemshauri aseme mtoto alizaliwa hapa kijijini.

Maswali haya mawili ni ndugu. Mmoja anataka kuficha mimba, mwingine anataka kuficha mahali mtoto alipozaliwa. Wahenga walisema: Mficha uchi hazai. Hebu tuone ni kwa nini ukweli ndio unaosaidia.

JUA WIKI ZAKO

Sisi tunahesabu mimba kwa miezi, lakini daktari na watu wa ndege wanahesabu kwa wiki. Hesabu inaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba iliyokomaa ni wiki 40 hivi.

Kwa hiyo mama aende kliniki mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama amwone mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya kumaliza wiki 12. Ukienda Khunyangu au zahanati iliyo karibu nawe, utaandikiwa kile Kijitabu cha Mama na Mtoto. Ndani yake kuna wiki za mimba, tarehe ya kutazamia kujifungua, presha, kiasi cha damu na sindano ya pepopunda. Akina mama, hicho kijitabu msikiache nyumbani chini ya godoro! Ukishikwa na uchungu Malaba au Nairobi, daktari asiyekujua atajua pa kuanzia.

SAFARI YA NDEGE

Ndege yenyewe haiharibu mimba ambayo haina shida. Ile mashine ya kupimia vyuma pale uwanjani pia haimdhuru mtoto. Shida ni kwamba ndani ya ndege hakuna chumba cha kuzalia. Uchungu ukianza huko juu, hakuna kuteremka kama kwenye matatu.

Kila kampuni ya ndege ina sheria yake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa tiketi. Lakini nyingi zinafuata mpango kama huu:

1. Kabla ya wiki 28: mama husafiri bila barua, ikiwa hana tatizo.
2. Kuanzia wiki 28: aonyeshe barua ya daktari.
3. Baada ya wiki 36: hapandi. Akiwa na mapacha, mwisho ni wiki 32.

Barua iseme mimba ina wiki ngapi, tarehe ya kutazamia kujifungua, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kwamba mama anaweza kusafiri. Iwe na tarehe, sahihi na muhuri. Isiwe ya zamani, kwa sababu kampuni nyingine zinataka barua iliyoandikwa siku chache tu kabla ya safari.

Jambo ambalo wengi wanasahau ni siku ya kurudi. Mama akienda na wiki 33, akakaa mwezi mmoja, siku ya kurudi atakuwa na wiki 37. Atakwama huko.

Kwa hiyo yule binti wa miezi saba akapimwe wiki zake, achukue barua, na aende bila koti kubwa. Akificha halafu augue njiani, hakuna atakayejua namna ya kumsaidia. Barua na kitambulisho viwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku linalopelekwa chini ya ndege.

Kuna mama ambao wasipande mpaka daktari aseme: anayetokwa na damu, mwenye presha ya juu, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, na mwenye upungufu mkubwa wa damu. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, na sisi huku malaria inatupunguzia damu. Ndani ya ndege, mama anywe maji, asimame atembee kidogo kila baada ya muda ili damu isigande miguuni, na afunge mkanda chini ya tumbo, si juu yake.

Anayeenda nchi nyingine aulize pia habari ya kadi ya homa ya manjano. Chanjo hii kwa kawaida hawapewi wajawazito, isipokuwa daktari aone hatari ya ugonjwa ni kubwa. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa barua rasmi ya daktari. Asinunue kadi ya uongo barabarani. Mwenye kadi halali ya zamani asiwe na wasiwasi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo inatumika maisha yote.

KUVUKA BUSIA NA MALABA

Wengi wetu hatupandi ndege, lakini tunavuka mpaka. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na mama hupenda kujifungulia karibu na mama yake. Hilo si kosa.

Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Busia na Malaba kuna kituo kimoja cha pamoja. Unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Pitia hapo, uandikishwe. Njia ya panya inaokoa dakika chache tu, lakini ukilazwa hospitali ng'ambo huna la kuonyesha kwamba uliingia kihalali. Na kumbuka kwamba mtoto hana kitambulisho. Kabla ya kusafiri naye, uliza ofisi ya uhamiaji hati anayotakiwa kuwa nayo.

MTOTO AKIZALIWA

Akizaliwa hospitali hapa Kenya, usiondoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, mwambie naibu wa chifu mapema. Sheria inatoa miezi sita. Ikipita, unaingia kwenye uandikishaji wa kuchelewa, wenye maswali mengi na safari nyingi.

Akizaliwa Uganda, pia chukua karatasi ya hospitali, na uulize juu ya kuandikisha katika NIRA, ofisi inayoandika vizazi huko. Usiogope kwamba mtoto atapoteza Ukenya wake. Kifungu cha 14 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia wa Kenya, hata kama hakuzaliwa Kenya. Kwa hiyo yule nyanya hana haja ya kudanganya. Kusema uongo mbele ya mwandikishaji ni kosa la jinai, na karatasi ya uongo itamsumbua mtoto siku ya kutafuta kitambulisho. Arudi ile hospitali aombe karatasi, kisha aende ofisi ya uhamiaji Busia na ukweli wake.

Tunajua pia habari za binti zetu walio kazini Saudi Arabia. Baadhi ya Wakenya waliojifungua huko bila cheti cha ndoa wamepata taabu kubwa kupata karatasi za watoto, na mtoto asiye na karatasi hapandi ndege kuja nyumbani. Binti anayejiandaa kwenda ajue jambo hili kabla ya kuondoka.

KAZI YA KIKUNDI

Jadilini pamoja:

1. Ni watoto wangapi katika familia zetu hawana cheti cha kuzaliwa? Ni nini kilizuia?
2. Je, mfuko wa mzunguko unaweza kumsaidia mama nauli ya kwenda kuandikisha mtoto?
3. Nani kati yetu atamsindikiza mama mwoga kliniki au kwa naibu wa chifu?

Yusufu na Maria walisafiri mpaka Bethlehemu ili waandikwe, na Maria alikuwa mjamzito. Mtoto wa jirani yako naye anastahili kuandikwa jina lake, kwa ukweli.